Nairobi hadi New York si mwendo wa saa 7

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa likizo unapokaribia, magazeti, redio na mabango ya mawakala wa tiketi hujaa habari za safari ndefu za ndege, na hesabu zinazotolewa huwa ni zilezile mbili, zote na kasoro. Ya kwanza hutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, ikatangaza kwamba Nairobi hadi New York ni mwendo wa saa 7. Ya pili huchukua umbali, ikaugawa kwa kasi ya ndege, ikatoa saa 13. Anayeamini ya kwanza hushangaa akiwa angani, basi. Anayeamini ya pili hukosa ndege ya kuunganisha, na hilo humgharimu fedha. Naomba nafasi niieleze njia hii moja kwa kina, kwa kuwa tangu Kenya Airways ilipoanza kuiruka bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, imekuwa njia ya wasafiri wa Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Bujumbura pia, si wa Nairobi pekee.

Nianze na umbali. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Huohuo ni maili 7,355 za nchi kavu, au maili 6,390 za baharini, ambazo ndizo marubani na waongozaji ndege huzitumia. Hapo ndipo kosa moja la uchapishaji hupenyea: mwandishi hukuta 6,390 kwenye taarifa ya anga, huona neno maili, huzidisha kwa 1.6 na kuandika kilomita 10,200. Zimepotea kilomita 1,600, zaidi ya kwenda na kurudi kwa ndege kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, na ikiwa taarifa haisemi ni maili ipi, heri kutoichapa kabla ya kuuliza.

Njia fupi yenyewe haiko pale macho yanapodhani. Ukichora mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita juu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mauritania, kisha baharini. Mstari huo una urefu wa karibu kilomita 12,190, yaani umezidi kwa kilomita 350, kwa sababu ramani bapa huvuta na kupanua nchi kadiri zinavyokaa mbali na ikweta. Chukua tufe la dunia la shuleni, bana uzi kwenye Nairobi na New York, uukaze. Uzi utaelekea kaskazini-magharibi moja kwa moja: jirani na Eldoret, kaskazini mwa Uganda pande za Lira, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Utapanda hadi kuvuka latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, ilhali uwanja wa Kennedy wenyewe uko chini kidogo ya nyuzi 41. Ndege huja New York ikitokea upande wa kaskazini zaidi, jambo ambalo abiria wengi wakiliona kwenye skrini ya kiti hudhani rubani anazunguka.

Huo ni uzi juu ya tufe. Ndege halisi hairuki juu ya uzi. Anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, na pembe ile ya Darfur ikawa haipitiki. Tarehe 6 Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga yake baada ya mapinduzi, ikaifungua mapema Septemba. Kwa karibu mwezi mzima ndege zilizozoea kukatiza Sahara zililazimika kuzunguka. Anga ya Libya huepukwa kwa miaka mingi sasa. Juu ya Atlantiki ndege hupangwa katika njia ambazo hubadilishwa kila siku kufuata upepo. Kwa yote hayo, ongeza asilimia 2 hadi 4 kwenye umbali wa kitabuni. Kwa hesabu zinazofuata nitatumia kilomita 12,200.

Sasa kasi. Boeing 787-8, ndiyo ndege ya njia hii, husafiri kwa asilimia 85 ya kasi ya sauti, ambayo katika urefu wa kilomita 11 au 12 kutoka ardhini ni karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa nayo inasafiri. Katika latitudo za kati upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndani yake kuna mikondo myembamba inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa, mikali zaidi wakati wa baridi ya kaskazini. Sehemu ya Afrika ya safari hii haiguswi sana. Ni nusu ya pili, kuanzia Morocco hadi Amerika, inayoamua. Tuseme kwa wastani wa safari nzima upepo wa mbele ni kilomita 50 kwa saa. Ndege itaiacha ardhi nyuma kwa kilomita 850 kwa saa, na kilomita 12,200 zitachukua saa 14 na dakika 21. Kurudi, upepo uleule ukiwa mgongoni, ni kilomita 950 kwa saa, na muda unashuka hadi saa 12 na dakika 50. Tofauti ni saa moja na nusu kwa umbali uleule, ndege ileile.

Wapo wanaosema tofauti hiyo inatokana na dunia kuzunguka, eti New York inaikimbia au inaifuata ndege. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege iliyomo ndani ya hewa huzunguka nayo. Laiti dunia ingekuwa inateleza chini ya ndege, kusingekuwa na haja ya injini. Tungepaa Nairobi, tukasubiri New York ije.

Juu ya muda wa angani kuna muda wa ardhini, ambao kikokotoo cha mtandaoni hakiujui. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho na hukoma inapofunga breki kwenye maegesho ya upande wa pili. Nairobi usiku, kujikokota hadi njia ya kurukia huchukua dakika 15 hivi. Kennedy ni habari nyingine: foleni ya kuruka inaweza kula nusu saa au zaidi, na barafu ikianguka ndege lazima kwanza inyunyiziwe dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Mashirika huweka akiba ya dakika kwenye ratiba ili kufunika haya yote. Ndiyo maana Nairobi kwenda New York huandikwa kama saa 15, na kurudi kama saa 14 hadi 14 na nusu, na ndiyo maana ndege ikifika dakika 40 kabla ya wakati si ajabu kubwa.

Lipo swali ambalo wasomaji huuliza na hujibiwa mara chache: mbona ndege hii huondoka Nairobi usiku wa manane, na mbona wakati mwingine viti kadhaa huachwa wazi ilhali wakala alisema imejaa? Jibu liko kwenye mwinuko. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kennedy uko mita 4 tu. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani, na joto huipunguza zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupata kidogo cha kuchomea mafuta, hivyo msukumo hupungua. Mabawa nayo hudai kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kuinua uzito uleule. Kasi ya kuachana na ardhi huongezeka kwa asilimia 8 au 9. Matairi yana kikomo chake cha kasi. Breki lazima ziweze kusimamisha ndege nzima endapo rubani atakatisha kuruka katika sekunde za mwisho. Njia ya kurukia ya Nairobi ina zaidi ya mita 4,000, na hiyo husaidia, ila urefu peke yake hauponyi tatizo la kupaa injini moja ikizimika: hapo kinachohitajika ni nguvu, na nguvu imepungua.

Tazama uzito wenyewe. Boeing 787-8 hairuhusiwi kuruka ikizidi tani 227.9. Bila mafuta wala abiria, lakini ikiwa na viti, jikoni na wafanyakazi wake, ni karibu tani 120. Shirika lilipozindua safari hii lilitaja tani 85 za mafuta kwa kila upande, pamoja na marubani 4 na wahudumu 12. Toa 120 na 85 kwenye 227.9, hubaki kama tani 23. Ndege hizo zina viti 234. Ukimkadiria abiria mmoja na mizigo yake kuwa kilo 100, ndege iliyojaa ni tani 23.4. Hapo hata katoni moja ya maua ya Naivasha haijapakiwa. Na hiyo ni hesabu ya uwanja ulio usawa wa bahari, ambako tani zote 227.9 zinaruhusiwa. Nairobi kikomo hushuka, na hushuka zaidi kadiri joto linavyopanda. Kinachotolewa kwanza ni shehena, kisha viti, na pengine mabegi machache husubiri ndege inayofuata.

Usiku, joto la Nairobi likiwa nyuzi 15 badala ya 26 za mchana, hewa huwa nzito kwa karibu asilimia 4. Kwa ndege ya uzito huu asilimia 4 si jambo dogo. Kuruka usiku kuna faida nyingine pia, abiria hufika asubuhi mapema siku nzima ikiwa mbele yao, lakini hata kama kusingekuwa na faida hiyo, mchana wa Januari si wakati wa kuinua ndege hii kutoka Embakasi. Kurudi ni rahisi: Kennedy hewa ni nzito na njia yake ndefu kuliko zote ina zaidi ya mita 4,400, kwa hiyo ndege yaweza kuondoka adhuhuri imejaa.

Msomaji atauliza: kwa nini isipakie mafuta pungufu? Kwanza, kwa sababu mafuta yenyewe hula mafuta. Wapanga safari hukadiria kwamba kila tani ya ziada hugharimu asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa kila saa ya kuruka, yaani kwa safari ya saa 15 karibu nusu ya tani hiyo huteketea kwa kujibeba tu. Kwa hiyo hakuna anayepakia ya kupamba. Pili, kuna akiba ambayo sheria haimruhusu rubani kuigusa wakati wa kupanga: ya kufidia makosa ya makadirio, ya kwenda uwanja wa pili endapo wa kwanza umefungwa, na dakika 30 za kuzunguka angani juu ya hapo. Kwa Kennedy uwanja wa pili unaweza kuwa Boston, Philadelphia au Washington. Kwa Nairobi ni Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe. Katikati ya Atlantiki, uwanja wa Lajes kule Azores ni miongoni mwa vile vinavyoangaliwa hali yake ya hewa kabla ya kuruka. Kijitabu cha mtengenezaji husema 787-8 inafika kilomita 13,500, na msomaji huona kuna ziada ya kilomita 1,600 na zaidi. Upepo wa mbele tuliokwisha kuuhesabu humeza 700, mizunguko ya njia 350, na iliyobaki si nyingi.

Tuje kwenye saa, ambako ndiko magazeti hukosea zaidi. Tiketi huandika saa ya mahali husika: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Wakati wa baridi ya Marekani New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Wakati wa kiangazi chao kwa saa 7, kwa sababu wao husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi hatusogezi. Chukua ndege inayoondoka Nairobi saa 23:25, kwetu saa 5:25 usiku, na kufika New York saa 06:25, yaani saa 12:25 asubuhi. Kwa saa ya ukutani zimepita saa 7. Ongeza 8, ni 15. Kurudi, ikiondoka New York saa 12:25, kwetu saa 6:25 mchana, na kutua Nairobi kesho yake saa 10:55, yaani saa 4:55 asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha saa 22 na nusu. Punguza 8, ni 14 na nusu. Kanuni ni hiyo: kwenda magharibi unaongeza, kurudi mashariki unapunguza. Anayesahau upande gani apime jibu lake: likitoka chini ya 12 au juu ya 17 kwa njia hii, amekosea.

Machi na Novemba zina mtego wake. Saa za Marekani zikibadilika, ama muda wa kuondoka Nairobi au wa kufika New York husogezwa, kwa hiyo aliyenunua tiketi mwezi Oktoba ya kusafiri Desemba aikague upya. Wanaopitia Ulaya wana shida zaidi: Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na huirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siyo siku moja na Marekani. Kwa wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja hivi ya vuli, tofauti kati ya London au Amsterdam na New York hupungua kwa saa nzima kuliko ilivyozoeleka.

Kuna na kosa la tarehe, ambalo kila wakala wa tiketi analijua kwa machungu. Tiketi inayosema tarehe 15, saa 00:30, ni usiku wa kuamkia tarehe 15, saa 6 na nusu. Abiria anatakiwa awe uwanjani tarehe 14 jioni. Anayefika jioni ya tarehe 15 ameikosa ndege kwa karibu siku nzima, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishi hata senti kwa asiyejitokeza.

Basi Mhariri, ombi langu kwa chumba chako cha habari ni hili: mnapoandika muda wa safari, andikeni saa za tiketi pamoja na siku, kisha muda halisi kwa kila upande. Kwa mfano: Kwenda, kuondoka Jumapili saa 5:25 usiku kwa saa za Nairobi, kufika Jumatatu saa 12:25 asubuhi kwa saa za New York, mwendo wa saa 15, kurudi, kuondoka Jumatatu saa 6:25 mchana, kufika Jumanne saa 4:55 asubuhi, mwendo wa saa 14 na nusu, ratiba ya majira ya baridi. Mistari miwili. Aliyetumwa kumpokea mgeni Nairobi atajua aende Jumanne.

Kwa wasomaji wa Tanzania, umbali una jambo la kuvutia. Kama kungekuwa na ndege isiyotua kutoka Dar es Salaam hadi New York, ingepita kilomita 12,440 hivi. Kupitia Nairobi ni kilomita 12,510. Tofauti ni kilomita 70 tu, kwa sababu Nairobi iko karibu kabisa juu ya njia. Kupitia Addis Ababa ni takriban 12,960, Amsterdam 13,200, Istanbul 13,500, Doha 14,590, na Dubai karibu 14,980. Lakini asikimbilie mtu kukata tiketi kwa kutazama kilomita. Kilomita 2,000 za ziada kwenda Doha ni mwendo wa saa mbili na robo. Kusubiri ndege ya pili huweza kuwa saa mbili, au kumi. Addis iko mita 2,334 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, kwa hiyo ndege za kwenda Amerika zinazotoka huko huweza kutua njiani kujaza mafuta, Lomé kwa mfano, chini ya namba moja ya safari. Kwenye tiketi tazama safu inayotaja idadi ya vituo, si idadi ya ndege. Na njia za Ghuba zina hatari yake ya anga: jioni ya tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na waliokuwa angani wakielekea Doha walijikuta kwingine. Msafiri wa Kigali au Bujumbura anayepitia Nairobi naye ajue kwamba anarudi mashariki kwanza kabla ya kuelekea magharibi; bado inaweza kumfaa, lakini kilomita zake si zile za ramani.

Kuunganisha Nairobi kwenda Marekani kunahitaji saa mbili kama kima cha chini, na tatu ni salama zaidi, hata kama mfumo wa tiketi unakubali pungufu. Ndege za kwenda Marekani zina ukaguzi wa ziada karibu na lango, wenye maswali na upekuzi wa mabegi ya mkononi. Hapo ndipo unga hukwama. Tangu katikati ya 2018, vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi hupekuliwa zaidi, na visipotambulika huachwa. Binzari, bizari ya pilau, unga wa wimbi wa uji wa mtoto, dawa za miti za kusaga: viweke kwenye begi la chini. Nyama usibebe kabisa, iwe mbichi au ya kukausha, maana forodha ya Marekani huikamata.

Saa 15 za usiku ni usiku mmoja mrefu. Ndege inayoondoka usiku kuelekea magharibi hukimbia pamoja na giza, na Desemba jua halionekani hadi New York. Kurudi ni kinyume: ukiondoka adhuhuri ya Desemba, jua huzama dirishani kati ya saa 2 na 3 baada ya kuruka, jambo ambalo mfungaji wa sunna au wa kulipa Ramadhani anapaswa kulijua kabla hajapanga futari yake. Wenye kisukari wanaotumia insulini waulize daktari mapema ratiba ya sindano kwa siku iliyorefushwa kwa saa 8, na dawa ibaki mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Hewa ya ndani ya 787 hushindiliwa kufikia hali ya mwinuko wa mita 1,800 hivi, ambayo ni Nairobi yenyewe. Mkazi wa Nairobi haoni tofauti, wa Mombasa au Unguja anaweza kuumwa kichwa kidogo. Miguu ndiyo ya kuangalia: simama, tembea, kunywa maji.

Mwisho, kufika New York si kufika uendako. Marekani kila abiria hupita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaokanyaga, huchukua mabegi yake mwenyewe, hupita forodha, kisha huyakabidhi upya hata kama yalipachikwa lebo ya Minneapolis au Dallas tangu Nairobi. Nchi hiyo haina eneo la kupitia tu bila kuingia, hivyo hata anayeelekea Kanada anahitaji visa ya Marekani ya kupita. Tenga saa 3 kati ya kutua na ndege inayofuata. Na soma herufi tatu za uwanja kwenye tiketi ya pili: mji wa New York una JFK, LGA na EWR, na mifumo ya tiketi huvichukulia vyote kama mji mmoja. LaGuardia iko kama kilomita 16 kwa barabara kutoka Kennedy. Newark, iliyo jimbo la New Jersey, ni karibu kilomita 50 kupitia jiji lenyewe. Anayefika saa 12:25 asubuhi JFK na kuunganisha EWR atakuwa njiani katika foleni ya wanaokwenda kazini, na mabegi yote mkononi. Saa 5 za kuunganisha si nyingi. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando ni hatari zaidi: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni lolote kwako. Kama ni lazima ziwe mbili, lala New York usiku mmoja, kisha endelea asubuhi.

Wako,
Mpanga safari za ndege,
Nairobi